Mtoto anageuka kila akisikia sauti: je, maziwa yamekwisha?

Swali: «Nina mtoto wa kiume wa miezi minne na nusu, ndiye wa kwanza. Tunaishi Katuba, Lubumbashi. Mpaka mwezi wa tatu alinyonya vizuri, akishika ziwa haliachi mpaka asinzie. Sasa mchana ni vita. Ananyonya kidogo tu, pikipiki ikipita au mtu akisalimia barzani anageuka na chuchu iko mdomoni, inauma mno. Kisha anacheka. Nikimrudisha ananisukuma. Usiku ndipo anashika ziwa saa zote, silali. Ninauza vitenge kwenye soko la Kenya, mtaa wa hapa hapa Lubumbashi, naenda naye mgongoni, na huko ndiko kubaya zaidi. Matiti yangu nayo yamelegea, hayajai kama mwanzo. Mama mkwe anasema maziwa yamekwisha nguvu, na kwa joto hili la Oktoba nimwanzishie maji na uji. Nifanye nini?»

Jibu la mkunga:

Mama, kwa yote uliyoeleza, maziwa yako hayajaisha. Nalitanguliza hili kwa sababu mama akishaanza kuyashuku maziwa yake, kinachofuata ni kikombe cha uji, na uji ukiingia mapema ndipo maziwa hupungua kweli. Mtoto anayecheka mchana, anayetaka kumwona kila anayepiga hodi, kisha akanyonya usiku kucha, hajakataa ziwa. Anakula, ila amebadilisha saa za kula.

Alipozaliwa aliona vizuri vitu vilivyo umbali wa sentimita 20 hadi 30 hivi, yaani kutoka ziwani mpaka usoni pako. Zaidi ya hapo ilikuwa ukungu. Sasa, kati ya mwezi wa nne na wa tano, anaona mpaka mlangoni, anatofautisha rangi, anafuata kinachotembea, na akisikia sauti anajua imetoka upande gani. Maisha ya lupango unayajua: nyumba tatu uwanja mmoja, redio ya huyu, ugomvi wa yule, watoto wanakimbizana, mwuza mkate anapita akiita. Wewe umeshayazoea hata huyasikii. Yeye anayasikia yote kwa mara ya kwanza, na kila moja anataka kulijua. Ni dalili ya akili inayokua sawasawa. Hali hii hupungua yenyewe na hurudi tena mtoto anapojifunza kukaa na kutambaa, kwa hiyo utakayojifunza sasa yatakufaa hata baadaye.

Kuhusu matiti kulegea. Wiki za kwanza mwili haujui mtoto atahitaji kiasi gani, hivyo hutengeneza kwa wingi, na ule uvimbe wa ziwa si maziwa matupu, ni damu na majimaji pia. Baadaye mwili hufanya kama unavyofanya wewe sokoni: unaleta zaidi kitenge kinachotoka, kinachobaki mezani hukiongezi. Maziwa yakitolewa, mengine hutengenezwa. Yakikaa muda mrefu, kazi hupungua. Ziwa laini kwenye mwezi wa nne ndiyo hali ya kawaida ya ziwa linalofanya kazi. Na kuna jambo ambalo akina mama wengi hawaambiwi: mtoto anayenyonya ziwa peke yake hunywa wastani wa mililita 750 hadi 800 kwa siku, na kiasi hicho hakipandi sana kati ya mwezi wa kwanza na wa sita, ingawa yeye anazidi kuwa mzito. Kinachobadilika ni kasi. Yule aliyekuwa akikaa nusu saa, sasa anaweza kumaliza haja yake kwa dakika 5 hadi 10.

Kwa sababu hiyo usihesabu dakika. Angalia kidevu na usikilize koo. Mwanzoni atanyonya haraka haraka, juujuu, akiita maziwa yashuke. Yakishashuka mwendo hubadilika: taya linafunguka sana, linasimama kidogo likiwa wazi, kisha unasikia «kha» ndogo ya kumeza. Vuta, meza, vuta, meza. Dakika nne za namna hiyo zina maziwa kuliko nusu saa ya kuchezea chuchu. Akirudi kwenye kule kunyonya kwa juujuu, libane ziwa taratibu kwa mkono mzima, mbali na mdomo wake, ulishikilie hivyo anapovuta, uachie anapopumzika. Mara nyingi kumeza kutaanza tena, na hayo maziwa ya mwishoni ndiyo yenye mafuta zaidi.

Sasa njia. Ningekuwa wewe, nisingepigana na mtoto saa tano ya asubuhi akiwa macho makavu na lupango limejaa watu. Vita hiyo utashindwa, na mkilazimishana mara kwa mara atajifunza kwamba ziwa ni mahali pa kukabwa. Ninachowaambia akina mama ni kuzishika kingo za usingizi. Mtoto anapoamka, kabla hajafungua macho vizuri, na anapoanza kusinzia, kabla hajazama, hapo kunyonya kunakuja kwenyewe na dunia haijamwita. Mtoto wa umri wake hulala mara tatu au nne mchana. Ukimnyonyesha akiamka na akielekea kulala, tayari una mara sita au saba nzuri bila ugomvi. Usingoje alie. Akianza kujigeuza na kutafuta kwa mdomo, mchukue papo hapo, usimsemeshe, usimchekee, mpe ziwa. Najua ni vigumu kutomchekea, lakini uso wa mama ndicho kitu kinachomvutia kuliko vyote, na macho yenu yakikutana mazungumzo yameanza.

Chumba ni nusu ya dawa. Tafuta kona ambayo mgongo wake, si uso, unaelekea mlango. Shusha pazia, zima televisheni, na simu iweke mbali kabisa. Mwanga wake na sauti yake vinamgeuza kichwa kama pikipiki tu. Laleni ubavu kwa ubavu kitandani ikiwezekana, maana mtoto aliyelala ana nafasi ndogo ya kujizungusha kuliko aliyepakatwa. Oktoba chini ya mabati chumba kilichofungwa kinakuwa tanuri, kwa hiyo acha dirisha wazi, funika mwanga tu. Na mvua zikianza watu wakahamishia mapishi ndani, usifunge chumba chenye mbabula (jiko la makaa) inayowaka au yenye makaa mekundu. Moshi wa makaa usioonekana unaua mama na mtoto wakiwa wamelala, na harufu yake haikuonyi.

Kuna watoto wengine wanaoachia ziwa si kwa sababu ya kelele bali kwa kukosa subira. Wanataka maziwa yawe tayari. Kama wako ni wa namna hiyo, anza wewe kabla yake. Osha mikono, weka kidole gumba juu ya ziwa na vidole vingine chini, nyuma kidogo ya sehemu nyeusi, sukuma kuelekea kifuani, kisha bana na uachie. Usiteleze vidole kwenye ngozi. Mara za kwanza yatatoka matone, halafu yatachuruzika. Yakianza kuchuruzika ndipo umpe. Atakuta chakula mezani.

Kugeuka na chuchu mdomoni kunaumiza, nakubali. Usimkandamize kisogo ili asigeuke, kwani mtoto akisukumwa kisogo husukuma nyuma kwa nguvu zake zote. Weka kiganja kati ya mabega yake, kidole gumba na cha shahada vishike chini ya masikio, mwili wake wote ukielekea kwako, tumbo kwa tumbo. Akigeuka, mwili wake wote na ziwa viende pamoja naye. Akivuta kweli, ingiza kidole kidogo kisafi kwenye pembe ya mdomo, kati ya fizi, aachie bila kukukwaruza, kisha subiri kidogo umrudishe. Akigeuka mara tatu mfululizo, basi amemaliza kwa sasa. Funga ziwa, ondoka, jaribu tena baadaye. Mikono yake nayo inatafuta kazi: mpe pindo la kitenge alikunje, hutaamini jinsi linavyomtuliza.

Sokoni hutaweza kuizima kelele. Lakini una mgongo wako. Mtoto anayelala mgongoni akiamka, kuna muda mfupi kabla hajainua kichwa kuangalia wateja. Mshushe hapo hapo, keti nyuma ya meza ukielekea ukuta au marobota, mpe. Kumfunika kitenge kichwani humsaidia mtoto wa miezi miwili. Wa miezi minne atakivuta na kukifanya mchezo, tena chini yake kuna joto. Afadhali uvute kitenge kama pazia kati yake na watu, uso wake uwe huru. Wengine hunyonya vizuri mama akitembea polepole, hivyo mwombe jirani wa meza akuangalizie mali dakika kumi, zunguka nyuma ya soko naye yuko ziwani. Na zile mbili za nyumbani usiziruke hata siku moja: ya saa 11 alfajiri kabla hujatoka, chumba kikiwa giza bado, na ya jioni mara tu unapofika, kabla ya kushika sufuria. Akitaka kunyonya mara mbili tatu mfululizo jioni hiyo, mwache, anafidia.

Ukiona siku fulani ni afadhali abaki nyumbani, kamua na mwachie maziwa kwenye chombo kilichochemshwa, kifunikwe. Kwenye chumba cha nyuzi 25 hukaa muda wa saa 4. Kwa mchana wa Oktoba unaopita nyuzi 30, yatumike mapema zaidi. Apewe kwa kikombe kidogo, akiwa ameketi, kikombe kikigusa mdomo wa chini naye ayalambe mwenyewe. Biberoni, yaani chupa ya kunyonyea, sikushauri. Kuisafisha vizuri kwa maji tunayoyateka ni kazi kubwa, na baadhi ya watoto wakizoea mtiririko wake wa haraka hulichoka ziwa.

Usiku. Hapa najua umechoka, na sitakuambia umkatalie. Maziwa aliyoyaacha mchana anayatafuta usiku, na kwa sasa ndiyo yanayomkuza. Tena homoni inayotengeneza maziwa hupanda zaidi usiku, kwa hiyo kunyonya huko kunalinda maziwa yako. Njia ya kupunguza usiku ni kuongeza mchana kwanza. Ukianza kumnyima usiku kabla mchana haujakaa sawa, uzito utashuka. Wakati huo huo, nyonyesha ukiwa umelala ubavu, kwenye godoro gumu, ndani ya chandarua, bila mto wala blanketi nzito karibu na uso wake, na akimaliza mlaze chali. Usisinzie naye kwenye kochi kamwe. Na kama wewe au baba yake mnavuta sigara, au mmoja wenu amekunywa pombe, mtoto alale mahali pake mwenyewe, kando ya kitanda chenu, si juu yake. Mchana, akilala usingizi mrefu, lala naye. Vyombo vitangoja.

Kuhusu maji na uji. Maziwa ya mama ni maji kwa sehemu 88 hivi kati ya 100. Katika joto mtoto atanyonya mara nyingi zaidi, kwa muda mfupi, na kiu itakwisha. Wewe ndiye unayepaswa kunywa maji. Kikombe cha maji kwake kinachukua nafasi tumboni bila kumlisha, na katika mji wetu, ambao kipindupindu kinaujua, kinaweza kumletea ugonjwa ambao ziwa lilikuwa linamkinga. Shirika la Afya Duniani linashauri ziwa peke yake mpaka miezi 6 kamili, kisha chakula pamoja na ziwa mpaka miaka 2 au zaidi, na ushauri huo unafaa Katuba kama unavyofaa kokote. Pia maziwa hayachachi wala hayaozi ndani ya ziwa, hata ukishinda juani, hata mtoto akikaa masaa bila kunyonya.

Usibishane na mama mkwe kwa maneno. Amelea, amemlea hata mume wako, na hofu yake ni kwamba mjukuu ana njaa. Mpe ushahidi na mpe kazi. Ushahidi ni mkojo na mizani. Hesabuni pamoja vitambaa vilivyolowa kuanzia asubuhi hadi asubuhi: 6 au zaidi, mkojo mweupe usio na harufu kali, maana yake maziwa yanaingia. Kisha nendeni naye kituo cha afya siku ya kupima watoto. Mvulana wa wastani ana kilo 7 hivi akiwa na miezi 4 na kilo 7.5 akiwa na miezi 5, lakini usimlinganishe na wastani wala na mtoto wa jirani. Angalia kama alama zake kwenye kadi zinafuata mstari wake mwenyewe. Mjue pia kwamba tangu mwezi wa nne watoto wote huongezeka polepole kuliko miezi ya kwanza. Wengi wanashtuka hapo bure. Na kazi ya bibi ni kubwa: awe mlinzi wa mlango. Wewe ukiingia chumbani kunyonyesha, yeye awaondoe watoto wengine dirishani, apunguze redio, awajibu wageni kwamba mama wa mtoto atakuja. Nimeona nyumba ambazo tatizo lote liliisha kwa bibi kukaa barzani dakika kumi.

Kuna jambo ambalo hukuliuliza, nalo linakuhusu. Kunyonyesha kunazuia mimba kwa masharti matatu yote kwa pamoja: hedhi haijarudi, mtoto hajafika miezi 6, na ananyonya mchana na usiku bila chakula kingine, pasipo kupita muda wa saa 4 mchana au saa 6 usiku. Mtoto wako anaporuka ziwa mchana, sharti la tatu linalegea, na uji ungelivunja kabisa. Kama hamtaki mimba sasa, zungumza na muuguzi. Kipandikizi, kitanzi, na vidonge vya homoni moja vinamfaa mama anayenyonyesha. Vidonge vya homoni mbili visubiri, kwa sababu vinaweza kupunguza maziwa.

Mwisho, jinsi ya kujua kwamba si kelele. Mtoto anayevutwa na dunia hunyonya vizuri gizani na akiwa nusu usingizini. Mtoto anayekataa hata hapo ana sababu nyingine. Tazama ndani ya mdomo kama kuna utando mweupe usiofutika kwenye ulimi na mashavu. Angalia pua kama imeziba. Hawezi kunyonya na kupumua kwa pamoja. Akilia akilazwa upande mmoja, huenda ni sikio. Fikiria nawe: umebadilisha sabuni au manukato, ziwa moja limevimba na kuuma, hedhi imerudi, au una mimba? Kila moja kati ya hayo linaweza kubadilisha ladha, harufu au wingi wa maziwa. Ziwa likiwa jekundu, lina joto na wewe una homa, endelea kulinyonyesha upande huo na uende kituoni.

Akipata homa usimngoje, hapa malaria haitoi nafasi. Na akishindwa kabisa kunyonya, akitapika kila kitu, akipata degedege, akilegea kiasi kwamba humwamshi, au akikaa masaa mengi bila mkojo na utosi umebonyea, mpeleke siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

Akifika miezi 6, anza uji mzito, si wa maji, wenye karanga au dagaa waliosagwa, na baadaye bukari (ugali) laini na lengalenga (mchicha) iliyopondwa, mara 2 hadi 3 kwa siku. Lakini ziwa litangulie kila mara kabla ya kijiko, kwa sababu mtoto mwenye macho ya kutangatanga atajaza tumbo na uji kisha alisahau ziwa kabisa mchana. Kwa sasa, mpime wiki hii uandike uzito, umpime tena baada ya mwezi. Mstari ukipanda, endelea hivi. Mstari ukilala bila kupanda, rudi na kadi yake, na umwombe muuguzi akutazame unavyomnyonyesha kabla hajakuandikia chochote.